Tafsiri za Kurani kwa Kiswahili na Sikio la Tunduma

Mtu akitaka kuipima tafsiri ya Kurani iliyoandikwa kwa Kiswahili, desturi ni kuipeleka Unguja, Lamu au Mombasa, kwa wanazuoni wajuao Kiarabu, wapate kuilinganisha na asili yake neno kwa neno. Kipimo hicho ni cha haki, wala hatukikatai. Lakini si kipimo pekee. Tafsiri haiandikwi kwa ajili ya mtu ajuaye Kiarabu. Huyo anayo asili mkononi. Huandikwa kwa ajili ya asiyekijua, na wengi wa hao leo wako mbali na pwani. Kwa hiyo katika makala hii tunataka kuzipeleka tafsiri zetu mahali pengine, yaani Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, na kuuliza swali moja tu: neno likisomwa huko, husikika nini?

Tunduma ni mji wa njia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA, iendayo kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, huiaga ardhi ya Tanzania papo hapo. Ng'ambo ya mpaka uko mji wa Nakonde, na tangu mwaka 2019 nchi hizi mbili zina kituo cha pamoja cha forodha. Mwaka 2016 Tunduma iliingizwa katika mkoa mpya wa Songwe, uliomegwa kutoka mkoa wa Mbeya. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Pamoja nao wako Wanyiha, Wandali, Wanyakyusa, na wageni wengi waliofuata biashara. Kiswahili ndicho kiungo chao wote, lakini walio wengi hawakukinyonya kwa mama zao. Walikipata sokoni, shuleni na barazani. Tena, nchi hii ni ya Wakristo zaidi kuliko Waislamu. Wamoraviani walianza kazi Rungwe mwaka 1891, na Waskoti wa misheni ya Livingstonia walijenga Mwenzo, katikati ya Wanyamwanga, kabla karne ya 19 haijaisha. Mwislamu wa Tunduma, basi, hukaa na kuuza na kununua pamoja na watu ambao maneno yao ya dini ni yale yale aliyo nayo yeye, ila maana zake si zile zile siku zote.

Yafaa pia kukumbuka jinsi sauti ya Uislamu ilivyofika katika pembe hii ya nchi. Haikuja kwanza na mwalimu, bali na msafara. Katika miaka ya 1880 wafanyabiashara wa Kiswahili na wa Kiarabu walikuwa na boma zao kaskazini mwa ziwa Nyasa, na mkuu wao aliyejulikana zaidi, Mlozi wa Karonga, alipigana na Waingereza tangu mwaka 1887 mpaka aliponyongwa mwaka 1895. Biashara ilikuwa ya pembe na ya watumwa. Watu wa nchi walisikia Kiswahili cha wenye bunduki kabla hawajasikia Kitabu ambacho wenye bunduki hao walikiapia. Wala hawakuwa na njia ya kujua kwamba Kitabu hicho, katika sura ya 90, kinamtaja mwenye kumwacha huru mtumwa kuwa ndiye anayeikwea njia ngumu ya wema. Hapo ndipo ilipo faida ya tafsiri: kumwezesha msikilizaji kukipima Kitabu kwa maneno yake chenyewe, si kwa matendo ya aliyekibeba.

Kitabu chenyewe hakibadiliki kwa kubadili mahali. Waislamu huamini kwamba Kurani ilimteremkia Mtume Muhammad kidogo kidogo tangu mwaka 610 mpaka alipofariki mwaka 632, kwanza Makka na baadaye Madina. Kwa mapokeo ya Waislamu, ilikusanywa mara ya kwanza wakati wa Abu Bakr, baada ya wasomaji wengi kuuawa katika vita vya Yamama, na kazi hiyo akapewa Zaid bin Thabit. Kisha Khalifa Uthman, karibu na mwaka 650, akaamuru nakala za namna moja zipelekwe katika miji mikubwa. Sura zake ni 114, nazo kwa ajili ya kusomwa zimegawanywa juzuu 30. Msahafu uliopo Tunduma ni ule ule uliopo Kairo na Jakarta. Kwa Mwislamu hilo si jambo dogo. Msomaji wa mpakani, asiyejua maana ya neno hata moja, anaposoma Fatiha katika sala hutamka sauti zile zile zilizotamkwa na masahaba, naye huhesabu kwamba anapata thawabu kwa kila herufi. Asiyeelewa jambo hili hawezi kuelewa kwa nini Waislamu wa mapwa yetu, waliofuata madhehebu ya Imamu Shafi, hawakukubali kamwe tafsiri iwe badala ya Kiarabu katika sala.

Lakini kusoma ni kitu kimoja, na kufahamu ni kitu cha pili. Na lugha yetu imeviunganisha viwili hivi kwa namna ya ajabu. Waarabu hutenga tarjama, yaani kuhamisha maneno kutoka lugha moja kuingia nyingine, na tafsiri, yaani kufafanua makusudio yake. Sisi tunalo neno moja tu litumikalo kila siku, nalo ni tafsiri. Labda ni kwa bahati, lakini ni bahati yenye hekima, kwa kuwa humkumbusha mwenye kuhamisha maneno kwamba hawezi kukimbia wajibu wa kuyafafanua. Tuuone basi wajibu huo ulivyotimizwa.

Tafsiri kamili ya kwanza kuchapishwa kwa Kiswahili ilikuwa ya Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya UMCA Unguja, iliyotoka mwaka 1923. Kiswahili chake ni safi, lakini kitabu kilikusudiwa zaidi kuwasaidia waalimu wa Kikristo kujua imani ya jirani zao, na maelezo yake yana harufu ya ubishi. Waislamu wachache walikiamini. Mwaka 1953 ikatoka Nairobi tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiya, ambayo ilisaidiwa na Kaluta Amri Abedi, mshairi wa Ujiji. Hiyo iliweka Kiarabu na Kiswahili pamoja, na maelezo marefu yaliyotetea itikadi ya jumuiya hiyo, hasa juu ya kufa kwa Nabii Isa na maana ya kuwa Muhammad ni mwisho wa Mitume. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwalimu na kadhi wa Unguja ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akaikamilisha yake mwaka 1969. Nayo imekuwa tegemeo la Masuni wa Afrika Mashariki, ingawa kurasa zake nyingi zinawajibu Waahmadiya. Mwaka 1995 ikaja ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, aliyekuwa waziri wa Zanzibar kabla ya mapinduzi ya mwaka 1964, naye akaiegemeza juu ya Al-Muntakhab, tafsiri fupi iliyotolewa Misri.

Kila moja ya kazi hizi ni kubwa, na mtu asiyewahi kujaribu hata sura fupi hana haki ya kuzidharau. Hata hivyo zote zina tabia moja. Kila mfasiri, akiandika, alikuwa akimtazama mwanachuoni mwenzake. Dale aliwatazama masheikh, Mubarak aliwatazama Masuni na wamisheni, Farsy akamtazama Mubarak. Pambizo za vitabu hivi ni mahakama; na katika mahakama mawakili husemezana wao kwa wao, huku mwenye kesi amekaa nyuma, haelewi. Hata Abedi, mtu wa bara, aliingia katika kazi ambayo vita vyake vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Mwenye kesi wa Tunduma shida yake si itikadi ya Waahmadiya. Shida yake ni neno. Tena si neno geni, maana neno geni humfanya mtu aulize. Hatari iko katika neno analodhani analijua. Kiswahili kimekopa Kiarabu kwa muda wa karne nyingi. Maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yatuonyesha umri wa ujirani huo. Maneno yaliyokopwa yamekaa kwetu, yameoa na kuzaa, na mengi yameacha maana za ukoo wao. Mfasiri akikuta katika Kurani neno ambalo Kiswahili kinalo, hushawishika kuliacha lilivyo. Kwa jicho ameaminika. Kwa sikio pengine amepotosha.

Mfano mkubwa ni fitina. Katika sura ya pili, aya ya 191 na ya 217, Kurani inasema kwamba fitna ni ovu kuliko kuua. Wataalamu wa lugha husema kwamba asili ya neno hilo ni kuitia dhahabu motoni ipate kujulikana safi na isiyo safi; ndipo likawa na maana ya jaribio, mateso, na kumlazimisha mtu aiache imani yake. Wafasiri wa kale waliifahamu aya hiyo hivyo: kuwatesa watu kwa ajili ya dini yao, au ushirikina wenyewe. Lakini kwa Kiswahili fitina ni maneno ya kuchonganisha watu, ambayo huzungumzwa penye kisima na penye kijiwe. Matokeo yake aya imekuwa methali. Waislamu na wasio Waislamu huitaja kumkemea mmbeya, na hapana anayekumbuka kwamba ilikuwa ikisema habari za watu waliofukuzwa majumbani mwao. Katika sura ya nane, aya ya 28, neno hilo hilo linatumika juu ya mali na watoto. Hapo msikilizaji akipewa fitina yake ya kila siku, ataambiwa jambo lisilo na maana kabisa, kwani watoto ni mtihani kwa wazazi, si wambeya.

Barwani aliiona hatari hii. Katika aya ya 191 hakuandika fitina bali fitna, bila irabu ya katikati, kana kwamba anamwambia msomaji: hili si lile unalolijua. Ni ujanja mzuri wa karatasi. Lakini tafsiri husomwa kwa sauti zaidi kuliko inavyosomwa kimya, na leo husikilizwa hata kwenye simu, ndani ya gari kubwa lililosimama foleni mpakani. Irabu moja iliyokosekana haisikiki. Dereva atasikia fitina, atatikisa kichwa, atamkumbuka jirani yake. Kosa la mwandishi hapa si la ujinga. Ni la kuandikia jicho katika nchi ya masikio.

Tutoe mfano wa pili. Katika sura ya 19, aya ya 39, Siku ya Mwisho inaitwa siku ya hasra, maana yake majuto. Ndilo neno lililozaa hasira yetu, ambayo leo ni ghadhabu. Mfasiri aliyeandika majuto ameacha neno la ukoo akaokoa maana. Na lau angefuata mlio, Siku ya Majuto ingekuwa Siku ya Ghadhabu, na huzuni ya mkosaji ingegeuka kuwa ukali wa Mungu. Kadhalika dini, katika Fatiha. Siku ya din si siku ya dini kama tunavyosema dini ya Kiislamu au ya Kikristo, bali ni siku ya malipo, na wafasiri wameafikiana vizuri kuandika malipo. Tena hapa Kiswahili kinayo hazina ambayo haijatumiwa, kwa kuwa deni ni neno la ukoo huo huo. Mwalimu akimweleza mfanyabiashara wa mpakani kwamba dini na deni ni watoto wa mzizi mmoja, na kwamba siku hiyo ni siku ya kulipwa madeni, hatahitaji maelezo mengine.

Sadaka ni jambo zito zaidi, maana linagusa mfuko. Aya ya 60 ya sura ya tisa inataja makundi manane yanayostahili kupewa sadaqat, na wanazuoni wamekubaliana kwamba hapo makusudio ni zaka ya faradhi, siyo sadaka ya hiari. Barwani ameandika sadaka. Pwani, msikilizaji aliyekaa darsani atajua. Tunduma, ambako Jumapili kikapu cha sadaka hupitishwa kanisani na neno hilo limezoeleka kuwa ni toleo la ibada au kafara, maana mbili zinagongana katika neno moja. Mwislamu mwenye mali anaweza kudhani kwamba aya inamshauri, kumbe inamwamuru. Twasema kwa heshima kwamba hapa neno zaka lilistahili kuingia katika matini, na sadaka ikaelezwa pambizoni pamoja na ndugu yake kusadiki, ili ijulikane kwamba kutoa ndiko kushuhudia kwamba mtu amesadiki.

Katika aya hiyo hiyo kundi la mwisho ni ibn as-sabil, neno kwa neno mwana wa njia. Barwani ameandika wasafiri. Si kosa, lakini ni pana mno. Kila apandaye basi ni msafiri, hata tajiri. Mwana wa njia, kwa maelezo ya wanazuoni, ni yule aliyekatikiwa na njia, hata kama kwao ana mali. Kama kuna mji katika Tanzania ambao hauhitaji kufundishwa maana hiyo, ni Tunduma: hapo hukaa utingo ambaye gari limeharibika, mfanyabiashara mdogo aliyezuiliwa mzigo, mgeni wa Kibemba asiye na ndugu upande huu. Mfasiri angejua kwamba wako wasikilizaji wa namna hiyo, nadhani asingeona haya kuandika aliyekwama njiani. Neno la kienyeji lingekuwa karibu zaidi na Kiarabu kuliko neno safari, ambalo asili yake ni Kiarabu.

Tusidhaniwe kwamba twatafuta makosa tu. Upo mfano ambao unatosha kuonyesha Kiswahili kinavyoweza kuibeba Kurani. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inawaonya watu ambao wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Wanazuoni walihitilafiana kama iliteremka Makka au Madina, ila hapana hitilafu juu ya maana yake. Neno la Kiarabu ni gumu, na Kiswahili hakikulikopa. Barwani alilazimika kutafuta nyumbani, akaandika wapunjao. Hapana neno bora kuliko hilo. Kupunja ni neno la kibantu, neno la duka na ghala, na kila mkulima analijua kwa uchungu.

Na uchungu huo katika nyanda za juu kusini una jina: lumbesa. Mkulima huleta mahindi. Mnunuzi hutaka gunia lijazwe mpaka mdomoni, kisha liongezewe kilemba juu na kushonwa kwa kamba, naye hulipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo imeikataza desturi hiyo, lakini haijafa. Anayekemewa na sura anataka kipimo kamili apokeapo. Mwenye lumbesa anataka zaidi ya kamili. Sasa, sura hii imo katika Juzuu Amma, ile ya thelathini, ambayo mtoto wa chuoni hufundishwa kabla ya nyingine. Kwa hiyo yawezekana katika soko moja mtoto akawa anaisoma sura hiyo kwa moyo, herufi na mikato yote sawasawa, na mita chache kutoka kwake baba yake, aliyeisoma utotoni kwa moyo vile vile, akawa anasimamia kushonwa kwa lumbesa. Msomo umehifadhiwa, na maana imebaki mlangoni. Neno moja, wapunjao, likisomwa kwa sauti mahali hapo, lingetosha kuifungulia.

Wako watakaojibu kwamba kazi ya kuelewesha si ya kitabu bali ni ya mwalimu. Na kwamba pwani, tangu zamani, tafsiri ya kweli ni ile ya darsa za Ramadhani, ambapo sheikh husoma aya, akaieleza, na watu wakamwuliza. Jibu hili lina nguvu, na linatufahamisha kwa nini wafasiri wetu hawakuogopa kuyaacha maneno ya Kiarabu: nyuma ya kila neno walimwona mwalimu amekaa. Lakini mwalimu huyo hayuko kila mahali. Katika mji ambao Waislamu ni wachache na watu hupita kama maji, mara nyingi kitabu hufika peke yake, na sauti ya simu hufika peke yake zaidi. Kitabu kisafiricho bila mwalimu lazima kichukue mwalimu ndani yake. Tena neno lililopotoka masikioni halimpeleki mtu kwa mwalimu, kwa sababu yeye hajui kwamba amepotea.

Wengine wataogopa kwamba tukiyaacha maneno ya Kiarabu tutakipunguzia Kiswahili heshima yake na kuivunja kamba iliyokifunga na Msahafu. Hatuoni hivyo. Rehema, neema, subira, aya, sura, na hitima ya mwenye kuhitimu, maneno haya yamebaki na maana zake, na hapana sababu ya kuyaondoa. Tunayodai ni kwamba kila neno liulizwe kwa zamu yake: je, wewe bado unasema kwa Kiswahili yale usemayo kwa Kiarabu? Lijibulo ndiyo likae. Lijibulo siyo lipishe, hata kama ni zuri, hata kama limezoeleka.

Kwa hiyo kwa mfasiri ajaye, na kwa wale watakaochapisha upya tafsiri zilizopo, tuna mashauri matatu. La kwanza, iandaliwe orodha ya maneno ambayo Kiswahili na Kiarabu cha Kurani vinashirikiana kwa mlio na kuachana kwa maana, nayo iwekwe mwanzoni mwa kitabu, si mwishoni. Kazi hii ni ya wanalugha kuliko ya masheikh, na chuo kama chetu hakina udhuru. La pili, pambizo zipewe msomaji asiyejua, na ubishi wa madhehebu upelekwe katika vitabu vyake. La tatu, kabla ya kupigwa chapa, kila sura isomwe kwa sauti mbele ya watu wa bara ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, kisha waombwe waseme walivyosikia, na mfasiri anyamaze awasikilize.

Wanazuoni wa pwani walitufanyia kazi ya kwanza, nayo ilikuwa ngumu zaidi: waliileta maana ya Kurani mpaka ufukweni mwa Kiswahili. Njia kutoka ufukweni mpaka Tunduma inapita kilomita zaidi ya 900, nayo si ya barabara peke yake. Mfasiri atakayeimaliza ndiye atakayemfanya mnunuzi, kamba na sindano ya gunia mkononi, aisikie sura ya 83 na ajue kwamba ni yeye anayeambiwa.